Baiskeli Isiyofungwa Mnyororo

Baiskeli thelathini zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa soko la Bariadi, mkabala na kinu cha pamba, na ishirini na tisa zilikuwa zimefungwa minyororo. Moja haikuwa hata na kufuli. Hiyo ilikuwa Phoenix nyeusi ya Ngeleja, karani wa mizani kwenye kinu hicho, na watu waliipita kwa adabu kama wanampisha mkwe.

Sababu aliijua kila mtu. Miaka sita nyuma kijana mmoja aliipanda bila ruhusa, na kesho yake mguu ukamvimba hadi goti likapotea. Ngeleja alijua fika kwamba kijana alianguka nayo kwenye mawe ya mtoni, na kwamba yeye, mzee wa kanisa, hajawahi kukanyaga kwa mganga. Lakini kila alipoulizwa dawa ya kuilinda baiskeli aliipata wapi, alicheka tu akabadili mazungumzo. Uongo hakusema. Ukweli nao hakuusema, maana haukuwa na faida yoyote kwake.

Mwaka ule wa tisini na tisa mambo yalikuwa yamegeuka. Enzi za ushirika karani aliyechelewa alikuta chai inamsubiri. Sasa kinu kilikuwa na tajiri mpya, na tajiri hakuwa na masihara: ukichelewa mara tatu, nenda kalime. Kutoka kijijini kwa Ngeleja hadi kinuni ni maili saba. Bila baiskeli hakuna kazi, na bila kazi binti yake Justina harudi sekondari.

Ndipo akatokea Athanasi, wakala wa bima kutoka Mwanza, kijana mwenye tai na mkoba wa plastiki.

"Sisi ni kampuni binafsi, mzee. Bima si ya nyumba na magari tu siku hizi. Hata baiskeli tunakatia."

"Ikiibwa?"

"Unapewa nyingine. Mpya."

Wiki nzima Ngeleja alitembea na fomu mfukoni. Mtu ambaye hakuwahi kuwaza wizi sasa akaanza kuona wezi kila kona. Akiwa mizanini alinyanyuka mara tano kuchungulia dirishani, na mara mbili akakosea uzito wa pamba ya watu.

Mkewe Kwandu alimshangaa. "Baba Justina, nani wa kuiba baiskeli ile?"

"Dunia imebadilika, mama."

"Mwizi ni huyo mwenye tai. Atakula ada yako, apande basi, umwone tena wapi?"

Maneno hayo yalimwingia. Alhamisi, alipokata shauri, hakutaka kumalizana na mgeni faraghani. Alimleta Athanasi kwenye kibanda cha chai sokoni, mahali penye watu wengi, akaita mashahidi kama inavyofanyika ng'ombe anapouzwa. Mmoja alikuwa mama muuza chai. Mwingine alikuwa Mayunga, mbeba magunia, mtu mpole ambaye hakujua kuandika, akapewa wino aweke dole gumba.

Mayunga aliitazama ile karatasi. "Bhabha, hii ni ya nini hasa?"

"Ni ya wizi."

"Wa baiskeli yako hii hii?"

"Hii hii."

"Ohoo," alisema Mayunga, akaweka dole.

Athanasi akakunja fomu vizuri. Bima ingeanza kazi Jumatatu, alieleza, karatasi zikishafika ofisini Mwanza. Ngeleja akarudi nyumbani anapiga kengele njia nzima. Moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ijumaa jioni alipotoka kazini, kwenye ukuta wa soko palikuwa na baiskeli ishirini na tisa.

Soko zima lilikuwa na jibu moja. Mtu wa Bariadi asingethubutu. Huyo ni yule mgeni tu, asiyejua habari za baiskeli ile. Na mgeni mwenyewe alikuwa ameshapanda basi la asubuhi. Kwandu alipiga makofi ya mshangao akasema, "Si nilisema?" Ngeleja akaenda polisi, akataja jina, tai na mkoba.

Jumamosi alitembea kwa miguu, akachelewa. Jumatatu akaamka mapema zaidi, mvua ikamzuia mtoni, akachelewa. Jumanne alifika anakimbia, viatu mkononi, akakuta saa moja imepita kwa dakika kumi. Tajiri hakugomba wala hakupaza sauti. Alimwonyesha tu mtu mwingine amesimama kwenye mizani. Ngeleja alikaa juu ya gunia la mbegu akalia, mwanamume mzima, mbele ya vibarua.

Jumatano Athanasi alirudi Bariadi mwenyewe, na hati ya bima yenye muhuri, amekuja kumkabidhi mteja wake. Polisi walimkamata stendi, wakampeleka kituoni kwao. Alikuwa bado anajieleza, jasho linamtoka, Ngeleja akimkodolea macho ya hasira, polisi wawili walipoingia na mtu mwingine aliyebeba gurudumu moja. Vipuri vingine alikuwa ameshaviuza kimoja kimoja. Mtu huyo alikuwa Mayunga.

Ngeleja akamnyooshea kidole. "Wewe? Miaka sita umeipita baiskeli ile mara kumi kwa siku, hujaigusa hata siku moja!"

Mayunga aliinamisha kichwa. Hakuwa na kiburi, na hakutaka kubisha.

"Nilikuwa naiogopa, bhabha, sikudanganyi. Hata kivuli chake nilikuwa nakiruka. Lakini Alhamisi wewe mwenyewe si uliniita nishuhudie kwamba inaibika?"