Niko Njiani

Kifaru mzee aliendelea kuendesha gari macho yakiwa hayaoni vizuri, mpaka siku alipoligonga na kulibomoa jiko la jirani yake Kanga. Watoto wake wakaja juu.

"Baba, tupe ufunguo. Ukitaka kutoka piga simu tu, tutakuja kukuchukua."

Akawapa bila ubishi, maana jiko lile lilimtia aibu.

Siku ya kliniki alivaa mapema, akapiga simu. "Niko njiani, baba," akajibu mwanawe mkubwa, naye yuko kwake anakunywa chai. Jua likazama mzee bado yuko barazani. Rafiki yake alipofariki ikawa vilevile. Wakazika yeye hayupo. Alipolalamika, wakamwambia uzee umempunguzia subira. Subira gani? Wepesi wa kunyang'anya, wazito wa kubeba.

Kisha yule mkubwa akapata mchumba. Siku ya posa ukoo mzima ukafika ukweni, kila mtoto akidhani mwenzake ndiye aliyemchukua baba. Wenyeji wakakataa kusikiliza posa bila baba mzazi.

Mkubwa akapiga simu, jasho linamtoka. "Baba, uko wapi? Wakwe wameanza kunyanyuka."

"Niko njiani, mwanangu," akajibu Kifaru kwa upole, kisha akageukia ukutani na kuvuta shuka.