Naulizia Maturubai

Apolinari aliachia kitufe cha kurekodi, na sauti yake ikaondoka. Badala ya kumfikia mwenzake wa ghala la Namanyere, ilitua kwenye kundi la kampuni nzima, katika ile programu mpya ambayo wafanyakazi wote walilazimishwa kuiweka kwenye simu.

Alikuwa amesema, kwa Kifipa, kwamba meneja anawaamuru wachanganye mahindi yenye ukungu na yale mazima.

Pamoja na baridi yote ile ya Sumbawanga, kwapa zilimlowa. Alijaribu kuifuta, programu ikakataa.

"Unaongea nini humu, bwana?" Meneja aliinua uso kutoka kwenye simu yake. Alikuwa mtu wa Mbeya. "Kifipa mimi hata salamu sijui."

"Naulizia maturubai, bosi."

Apolinari akashusha pumzi. Huko makao makuu, Dar es Salaam, nani angemwelewa?

Simu zote mbili zikalia kwa pamoja. Mkurugenzi mkuu alikuwa amejibu kwa sauti. Meneja akaifungulia.

Mama yule aliongea Kifipa kitupu, cha kijijini Kaengesa, huku huku Ufipa, kama mtu aliyekulia jikoni kwa bibi yake. Aliuliza ni ghala lipi, na nani ametoa amri.

Meneja akamgeukia Apolinari, akitabasamu.

"Anasemaje? Hebu nitafsirie."