Glavu za Bi Mwanakombo

Sheria ilimtaka kila mkandaji avae glavu zinazosoma hofu iliyojificha kwenye misuli na kuwapelekea taarifa watu wa usalama. Bi Mwanakombo alizivaa miaka minane, akiwakanda wanawake waliojifungua mpaka watimize arobaini. Leo aliyelala mkekani alikuwa bintiye Rayyan, mwenye kichanga cha siku tano. Akazivua glavu, akazifungia kabatini, akajipaka viganjani mafuta ya nazi yenye uvuguvugu.

"Nimezivua, mwanangu. Jilegeze."

Mgongo ukazidi kukakamaa chini ya vidole vyake.

"Unamwogopa nani? Niambie mimi mamako."

Rayyan akamvuta mtoto kifuani.

"Kaka Idarusi naye ulimkanda bega tu, mama. Kesho yake wakaja kumchukua."