Kadi Iliyokosa Sababu

"Ili nini?" aliuliza Bwana Ili, na kadi ikarudi mezani kwa mara ya tatu.

Jina hilo alipewa na mafundi wake wa programu, na wala hawakumwonea. Pale ofisini kila kazi ilianzia kwenye kadi ya mistari mitatu: mimi ni nani, nataka nini, ili nini. Miwili ya kwanza hata mvivu huijaza. Wa tatu ndio uliowatoa watu jasho, maana mkuu yule hakutaka porojo. Sababu isipoeleweka, mteja hupigiwa simu, akaieleza mwenyewe mbele ya wote.

Mwandishi wa kadi, mwanamke mwenye wiki tatu tu kazini, aliisoma tena kwa sauti. "Mimi ni mama. Nataka kengele ya jioni irudi kulia hata kama simu ya mtoto imezimwa zaidi ya mwezi. Ili nijue mtoto yuko salama."

"Simu imezimwa mwezi mzima! Kengele itamjulisha nini?"

Hapo, jamani, alikuwa na haki. Programu yao ilikuwa ya wazazi: ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ya mtoto haijaonekana nyumbani, simu ya mzazi inalia na kuandika kwamba mtoto bado hajafika. Basi. Miezi miwili nyuma, aliporudi kutoka likizo ndefu, Bwana Ili mwenyewe aliamuru kwamba simu ya mtoto ikikaa kimya siku thelathini, kengele nayo inyamaze. Hakuandika kadi. Wala hakuna aliyethubutu kumuuliza ili nini.

"Mkuu, mama huyu ameandika mara nne," alisema mwandishi. "Mtu hajisumbui hivyo kwa upuuzi."

"Amnunulie mtoto simu nyingine."

"Nilimshauri hivyo. Akajibu kwamba simu anayo, ipo kabatini."

Fundi mmoja akakohoa. Mwingine akainamia kompyuta yake kama aliyedondosha kitu ndani. Mwandishi alidhani wanamcheka, damu ikamchemka. Saa sita orodha ya kazi za mwezi ingefungwa, na kadi ikikosa leo, mama wa watu angengoja mwezi mwingine mzima. Naye katika barua ya mwisho alikuwa ameandika maneno mawili tu: jioni hazipiti.

"Sheria ni yako, Mkuu," alisema. "Aulizwe mwenyewe."

Akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba, akafungua spika kabla hajakatazwa.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nyuma yake maji ya bomba yalikuwa yakitiririka, kisha yakafungwa.

Bwana Ili alinyoosha mkono kama wa kuikata simu. Mkono ukabaki hewani. Kisha akakaa, taratibu, kwenye kiti kisichokuwa chake.

"Habari za asubuhi, mama. Tunapiga kuhusu ile kengele. Tungependa tu kujua, ikirudi itakusaidia nini?"

Upande wa pili kiti kikaburutwa, mtu akaketi.

"Binti yangu tulimzika miezi mitatu iliyopita," sauti ikasema. "Najua harudi, mwanangu, sijachanganyikiwa. Lakini jioni ilikuwa inalia, inasema bado hajafika, na mimi natoka mlangoni, namngoja dakika mbili tatu kama zamani. Halafu naingia ndani, napika. Sasa hailii. Nakaa tu jikoni, hata sijui saa ya kuwasha jiko ni ipi."

Mwandishi alilia palepale, mbele ya wanaume wazima, bila haya. Alijilaumu kwa kila neno la ile barua ya simu mpya. Hakuna fundi aliyeinua kichwa.

"Nisamehe, mama," alisema alipoweza. "Kadi yako itapita. Nitahakikisha mimi mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki. Ila nakuomba kitu kimoja, barua zangu zisimfikie mkuu wenu. Ni mume wangu. Amejikaza sana, na ndio kwanza ameanza kupata usingizi."