Sauti ya Mama Chini ya Magitaa

Siku hizi huruhusiwi kuuza albamu bila rekodi zake zote. Msikilizaji anagusa jina la mtu na kumsikia peke yake, hata kama studio ilimfuta. Sheria hairuhusu kukata hata kikohozi.

Mama aliimba kiitikio katika albamu yetu ya roki. Tulimsimamisha koridoni ili sauti ipate mwangwi, kisha tukamfuta na kurundika gitaa langu mara nne mahali pake. Nyumbani nikamwambia, "Umo, Mama, chini ya magitaa." Akawatangazia wenzake wote wa kwaya.

Jumapili akawaalika nyumbani waisikilize. Kidole chake kilipogusa jina lake, Wakesho, nikakumbuka. Siku ile alipoondoka koridoni hakuna aliyezima maikrofoni, na mwisho wa rekodi yake nipo mimi, namwambia fundi: "Mfute. Anatuaibisha. Ila asijue."

Sauti ya Mama ikatoka na mwangwi wa koridoni, inakwaruza, bila gitaa. Wanakwaya wakapiga vigelegele.

"Mwanangu huyu ndiye aliyenirekodi," akasema, akaizima sekunde moja kabla sauti yangu haijaanza.

Wala hakutazama skrini. Alijua inaanzia wapi.