Pampu ya Upepo

Mara ya tatu gari lilipozimika, Sabiti hakushuka upesi. Aliinamia usukani, kichwa kikimgonga, maana tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni.

"Baba Zuwena, mtoto amelala tena," mkewe Mwamvua alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Mwamshe. Aliyeumwa na nyoka haachwi alale."

Binti yao wa miaka sita alikuwa ameumwa asubuhi ile akichuma mlenda nyuma ya nyumba, pale Segese. Nyoka alitokomea majanini kabla hajaonekana sawasawa. Majirani walimfunga mtoto mguu kwa mpira wa baiskeli, wakambandika jiwe jeusi la kunyonya sumu, wakasema sindano yake iko Shinyanga mjini tu. Harish mwenye duka akatoa ufunguo wa gari lake la Kimarekani, alilouziwa na mtafiti wa madini aliyerudi kwao.

"Lina kasoro yake," Harish alisema, "lakini wewe ni fundi. Chukua, ndugu yangu, wahi."

Ilikuwa kiangazi, na kila lori walilopishana nalo liliacha wingu jekundu. Mwamvua alipandisha vioo vyote, akaziba nyufa za milango kwa kanga zake, mtoto asikabwe na vumbi. Sabiti akaona mkewe ana akili.

Sasa walimtoa Zuwena, wakamlaza kwenye kivuli cha mgunga, na Sabiti akafungua boneti. Mara mbili za kwanza alikuwa amengoja tu injini ipoe, ikawaka, wakaondoka. Safari hii aliapa hataondoka bila kuujua ugonjwa wenyewe.

Mkanda mmoja ulinuka kuungua. Haukuwa wa feni wala wa dinamo. Ulizungusha chombo kama kibuyu cha chuma, ambacho katika miaka yake kumi na miwili ya kutengeneza malori hakupata kukiona. Alijaribu kukizungusha kwa mkono. Kilikuwa kimekwama, tena cha moto. Akaufuata mpira wake wa kupitisha hewa kwa kidole mpaka ulipoingia kwenye ekzosi, akakuta mwisho wake umeungua na kupasuka.

Kumbe pampu ya upepo, ile aliyokuwa akiisikia tu kwa mafundi wenzake. Kazi yake kupuliza hewa safi kwenye ekzosi ili moshi uungue vizuri zaidi. Wazungu na mambo yao, kuufulia moshi nguo. Kati ya pampu na ekzosi palikuwa na valvu ya kupitisha hewa upande mmoja tu. Aliichomoa, akaipuliza huku, ikapitisha. Akaigeuza na kuipuliza kule, ikapitisha pia. Basi ilikuwa imekufa. Moto wa ekzosi ulirudi kinyumenyume, ukaichoma pampu, pampu ikanasa, na injini ikakabwa mpaka ikazimika.

"Nimeupata ugonjwa, Mama Zuwena," alisema, na machozi yalimlenga.

Mwamvua alikuwa amechuchumaa kando ya barabara akitapika. Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Mimi na harufu ya petroli hatupatani," alisema. "Lakini njoo umwone mwanao. Amefumbua macho."

Zuwena alikunywa maji, akauliza kama Shinyanga kuna sambusa.

"Akitulia chini, jiwe linanyonya," Mwamvua alisema. "Barabara inamtikisa, sumu inapanda. Tuwahi, mume wangu. Tukisimama tena tutampoteza."

Sabiti hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliukata mkanda wa pampu kwa kisu, akang'oa mpira ulioungua na kuutupa porini. Mdomo wa bomba kwenye ekzosi ulibaki wazi. Alichonga kijiti cha mgunga, akakivisha kitambaa, akakigongomea humo kwa spana. Injini iliwaka mara moja, nyepesi, kana kwamba gari limeshushwa mzigo. Hakupata kuipenda kazi yake kama alivyoipenda saa ile.

Akakanyaga mafuta. Kabla ya Kahama mlio wa injini ulibadilika, ukawa na mfoko fulani upande wa ekzosi, kama sufuria inayochemka chini ya kifuniko. Mguu wake uligusa breki. Kisha akamkumbuka mtoto, akauondoa.

"Mwamshe," alisema.

"Namwamsha," Mwamvua alijibu kwa sauti nzito. Baadaye alipomwambia tena, hakujibu.

Sabiti naye usingizi ulikuwa unamvuta. Alishusha kioo chake vidole vitatu, akaweka pua pale, vumbi likamwingia mpaka kooni. Kahama wakaipita. Vijiji vikapita. Zaidi ya saa mbili gari halikukohoa hata mara moja, na yeye hakulipumzisha. Alimwahidi Mungu kwamba akifika na mtoto yu hai, hatamwomba kingine tena.

Hospitalini aliingia mbio, Zuwena begani. Wauguzi wawili walikwenda kumtoa Mwamvua garini, miguu imemwishia nguvu. Mganga wa zamu, mwanamke aliyeitwa Euphrasia, alimlaza mtoto kitandani, akamfungua mguu, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akabonyeza kifua, akasikiliza tena.

"Tumechelewa, tusamehe," Sabiti alisema huku akihema. "Gari lilitusimamisha mara tatu. Lakini nililitengeneza mwenyewe. Toka hapo sikusimama popote."

Euphrasia alivua kipimo cha moyo masikioni. Aliitazama midomo ya mtoto, myekundu isivyo kawaida, akamfunika uso kwa kanga.

"Mguu haujavimba, baba. Nyoka huyo hakuwa na sumu," alisema taratibu. "Mwanao amekufa kwa moshi wa gari. Mngesimama tena njiani mkamtoa nje, angefika mzima."