Theluji ya Mama Mkwe

Tarehe kumi na nne Februari, mwaka 2094, ilikuwa zamu ya mtaa wao kupeleka barafu mlimani. Kila nyumba iliyo chini ya Kibo ilitakiwa kugandisha ndoo moja ya maji yake ya kunywa na kuipandisha hadi kileleni, ili mlima usionekane uchi.

Anasia alipanda na shoga zake wawili, Manka na Kunda, akiwa na agizo zito kuliko ndoo. Mama mkwe wake, aliyekuwa mgonjwa kitandani, aliomba aionje kwa mara ya mwisho theluji aliyoila alipokuwa msichana.

Walipokwisha kupindua ndoo zao, Anasia akapiga magoti, akashika kijembe.

"Shoga, mbona wafukua kama kuku?" Manka akamtania.

"Natafuta ya zamani, ile iliyoanguka kutoka mbinguni."

Chini ya barafu ya mwaka huo alikuta ya mwaka uliopita, ingali na umbo la kitako cha ndoo. Chini yake palikuwa na jivu jeusi tu.

"Mchukulie hiyo hiyo," Kunda akasema taratibu. "Atajuaje?"

Anasia akaitia kwenye chupa ya chai. Alipofika nyumbani, akamwekea mama mkwe kipande ulimini. Bibi yule akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe, mwanangu! Kumbe mlima wetu bado u hai."

"Naam, mama," Anasia akajibu, kisha akaenda jikoni kukinga maji ya ndoo ya mwakani.

Ewe uliyesoma, mpe na jirani yako asome. Ila mzee aliye kitandani, tafadhali, usimsomee.